Faini

Hakimu mpya, katoka bara na koti la sufu
ambalo joto la Mombasa limeshindwa kumvua,
alitazama karatasi, akatazama saa,
akasema: "Faini."

Hakumtoza mtu. Alimaanisha
haya, vyema, tuendelee.
Lakini Mwanamkuu binti Shee, muuza achari wa Marikiti,
aliyebebwa na askari wa kaunti yeye na beseni lake,
alikuwa ashafungua fundo la leso.
Noti ya mia mbili. Nyingine ya hamsini.
Kisha sarafu, zinanuka siki na pilipili,
akazipanga ukingoni mwa kizimba moja moja
kama apangaye maembe mabichi kwa mafungu.

Hajasomewa hata shtaka.

Mimi ndimi mkalimani. Miaka kumi na tisa
nasimama kati ya midomo miwili
wangu nimeuacha nyumbani.
Nikamwambia, "Bi Mwanamkuu, zirudishe. Asema ni sawa."
Akanitazama.
"Sawa ni ngapi?"

Mahakama nzima ikacheka, na yule askari pia.
Saa sita hakimu akalitamka tena neno lile,
kwa sauti ile ile, bila kuinua kichwa,
na safari hii lilikuwa elfu mbili.
Hapo sikuhitajika.

Nikaenda kula mahamri yangu, neno limenikaa kooni.
Wenyewe Waingereza walishona nguo moja wakaivisha wengi:
unga uliochekechwa hadi ukawa kama pumzi, faini;
ncha ya sindano ya kudarizia kofia, faini;
rasharasha za asubuhi, na jua linalozifuata,
hariri, unywele, mgonjwa aliyepata nafuu,
wote faini. Na hukumu nayo, faini.
Liliposhuka Kilindini pamoja na mizigo mingine
tulilifungua, tukachukua kipande kimoja, cha kulipa,
vilivyobaki tukaviacha ghalani.
Uzuri tulikuwa nao. Wembamba tulikuwa nao.
Kutozwa pia tulikujua,
ila si kwa risiti.

(Watoto wa chekechea pale Majengo
humwimbia mwalimu kila kukicha: faini, faini!
Darasa zima limetozwa
na saa mbili haijafika.)

Usiku Maimuna akapiga simu kutoka Doha.
Nikamuuliza kama nyanya yake alivyokuwa akiniuliza,
"U hali gani, mwanangu?"

Salamu yetu ina mlango wa uani.
Mtu husema sijambo, huvuta pumzi, kisha: ila.
Ila mgongo. Ila mwenye nyumba.
Ila mshahara, huu mwezi wa tatu sijauona.
Hata wa kukata roho husema hajambo,
na ile ila yake ndiyo tunayoitandikia mkeka.

Maimuna alisema, "Niko faini, baba."
Nikauliza kula, nikauliza kulala.
"Faini. Faini."
Nikalizunguka lile neno kama mwizi,
nikalipapasa ukuta hadi ukuta.
Halina uani.

Mimi niliyeapa mbele ya mahakimu saba
kutopunguza wala kutoongeza,
nilijikuta nimesimama katikati ya chumba, mkono mfukoni,
nahesabu. Mia mbili. Hamsini.
Sarafu.

"Maimuna," nikamwambia, "faini ni ngapi?"

Kimya. Nyuma yake kiyoyozi cha watu
kilikuwa kikivuma.
Kisha nikamsikia akivuta pumzi.